Kofia ya Mzee Msongole Nje ya Darasa

Mchungaji wetu na wazee wa kanisa, ndugu wa Tunduma na ndugu wa Nakonde mliovuka mpaka tangu asubuhi, wafanyakazi wenzake wa reli, wanafunzi wenzake mliotoka Dar es Salaam, na majirani wote wa mtaa huu, familia ya Msongole inawasalimu kwa upendo wa Bwana, na inawaomba mkae vizuri, maana maisha ya ndugu yetu hayakunyooka kama reli aliyoitumikia, na dada yetu mkubwa Tumpale ameagiza yasomwe polepole, wala isirukwe sehemu ile ya kuchekesha, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliisimulia kila Krismasi na hakuiruka hata mara moja.

Marehemu Lwitiko Jonasi Msongole alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika milima ya Bundali, wilaya ambayo leo tunaiita Ileje, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Jonasi Msongole na marehemu mama Recho, wakulima na waumini wa Kanisa la Moravian. Mama yetu alisimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa hakulia, akatulia anawatazama watu, mpaka mkunga alipomnyunyizia maji baridi ndipo akakumbuka, na dada Tumpale, ambaye wakati huo alikuwa binti mdogo amesimama mlangoni, anasema tangu saa ile alijua kuwa huyu atafanya kila jambo kwa wakati wake mwenyewe, na wakati wake utakuwa baada ya wenzake wote kumaliza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1972 hukohuko Bundali, akamaliza darasa la saba mwaka 1978, akachaguliwa kuendelea na sekondari mkoani Mbeya kuanzia 1979, akahitimu kidato cha nne mwaka 1982. Hakuchaguliwa kwenda kidato cha tano, alama zilipungua kidogo, naye hakulia wala hakumlaumu mtu, alirudi nyumbani, akachukua jembe, na jioni ile wakila ugali na maharage akamwambia baba yake kwamba chuo kikuu atakiona, baba akamuuliza lini, akasema hilo Mungu hajamwambia.

Mwaka 1984 aliajiriwa na shirika la reli, akapelekwa Mpika nchini Zambia kwa mafunzo, akarudi akiwa karani wa stesheni na anakijua Kibemba vizuri, hata ikawa desturi yake kumalizia kila ombi kwa neno "mukwai" kama wanavyofanya jirani zetu wakitaka kusema kwa adabu. Alifanya kazi Mlimba, kisha Makambako kuanzia mwaka 1991, kisha Tunduma kuanzia mwaka 1996, ambako alibaki mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2018, na wenzake waliopo hapa ni mashahidi kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna abiria aliyemuuliza jambo akajibiwa kwa hasira, ingawa wapo waliojibiwa kwa maelezo marefu kuliko walivyotaka.

Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 19 Desemba 1987 katika kanisa la Mbozi Mission na mama yetu mpendwa Ketrina, binti wa wakulima wa kahawa wa hapo Mbozi, na siku ile bwana harusi alifika baada ya bibi harusi, kwa sababu alikataa kuondoka zamu kabla mwenzake hajaingia kazini, naye mama Ketrina akamwambia pale mlangoni mwa kanisa, "Leo nimekungoja mimi, kuanzia kesho utaningoja wewe," na hivyo ndivyo walivyoishi, wakingojana, kwa upendo, bila ugomvi wa kusikika nje. Mungu aliwajalia watoto watatu, Jastin aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1988, Irene aliyezaliwa mwaka 1992, na Brayan aliyezaliwa mwaka 1997, wote wako hai na wako hapa.

Tarehe 7 Julai 2018 Jastin alimwoa Atuganile, binti wa Kindali kama sisi, aliyelelewa na bibi yake kulekule Bundali, akasoma sana mpaka akawa mhadhiri wa chuo kikuu Dar es Salaam, kile cha Mlimani ambacho vijana wetu huomba wengi wakachukuliwa wachache. Wageni ambao desturi yetu hamuijui mtatuvumilia tuieleze, maana bila hiyo hamtaelewa yanayofuata. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawapeani mkono, mkamwana halitamki jina la baba mkwe wake, na baba mkwe akikaribia nyumba hukohoa kwanza ili mkamwana apate kupisha, na hayo yote si chuki, ni heshima, kama vile mtu anavyovua viatu mahali pasafi. Familia nyingi siku hizi wamelegeza, lakini Atuganile alilelewa na bibi, na marehemu alikuwa Lwitiko Msongole, basi hakuna aliyelegeza.

Siku ya harusi hiyo upande wa bibi harusi walimletea marehemu blanketi, koti, na kofia ya pama ya rangi ya ugoro, hii ambayo wengi wenu hamjawahi kumwona bila hiyo, na dada Tumpale ndiye aliyemvalisha mbele ya watu wote, akamwambia, "Mdogo wangu, kuanzia leo kichwa hiki ni cha mkwe, usikipeleke kila mahali." Watu walicheka, yeye hakucheka, akaishika kofia kwa mikono miwili kuhakikisha imekaa, na tangu siku hiyo aliivua kanisani na kitandani tu.

Baada ya kustaafu marehemu alikaa dukani kwa mama Ketrina hapa Tunduma, duka la mchele na maharage, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa kuwa aliwapanga wateja mstari, akawauliza wanatoka wapi na wanakwenda wapi, akawatangazia wa Zambia kwa Kibemba na wa huku kwa Kiswahili kwamba mchele wa Kamsamba umewasili. Mama Ketrina alivumilia mpaka siku mteja mmoja wa jumla alipoambiwa asubiri nyuma ya mstari akaenda duka la jirani, ndipo akamwambia mumewe, "Baba Jastin, ulisema utasoma ukistaafu, sasa umestaafu, nenda kasome uniachie duka langu." Marehemu alisimulia kwamba mke wake alisema kwa utani, ila yeye aliposikia maneno hayo akajua ndiyo siku ambayo Mungu alikuwa hajamwambia.

Upo mtihani wa kuingilia chuo kwa watu wazima, marehemu aliufanya mwaka 2019 akashindwa, akaviweka vitabu chini siku mbili, siku ya tatu akavifungua tena, akaufanya mwaka 2020 akafaulu, akachaguliwa kusoma shahada ya Historia, na mwezi Novemba mwaka huo akapanda treni kwenda Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, sanduku moja, debe la karanga na kofia yake kichwani. Hakukaa kwa Jastin, angekaaje nyumba moja na mkamwana, alipanga chumba Changanyikeni pamoja na vijana, nao wakampa jina la Mzee Pama, wakawa wanamfundisha kutumia kompyuta naye anawapikia maharage, na mmoja wao ametuambia jana kwamba maharage yale yalimsaidia kuliko mkopo.

Marehemu alijua kwamba mkamwana wake anafundisha chuo hicho, ila chuo ni kikubwa kama mji, na Atuganile hakuwa wa Historia, alikuwa wa Masomo ya Maendeleo, basi marehemu alijipa moyo kwamba hawatakutana. Jambo ambalo hakulijua, na hakuna aliyemwambia kwa sababu baba mkwe haulizii habari za mkamwana, ni kwamba somo hilo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima alisome, awe wa Historia au wa nyota, na lina semina ya kila Jumanne katika chumba kidogo cha watu wasiozidi thelathini.

Jumanne ya kwanza ya Desemba 2020 marehemu alikaa mstari wa mbele kwa ajili ya macho yake, daftari mkononi, kofia kichwani, mlango ukafunguka, akaingia mwalimu, na mwalimu ni Atuganile. Marehemu alifanya kile ambacho mkwe yeyote wa kwetu angefanya, alikohoa, akainuka, akageuza uso ukutani, akatoka kwa kupita nyuma ya viti, na mwalimu naye akageukia ubao, akaandika tarehe ya siku ile polepole, akaiandika tena chini yake, mpaka aliposikia hatua zimefika nje. Vijana walidhani mzee ameugua ghafla, wengine wakasema mwalimu ndiye aliyeugua, ndipo binti mmoja wa kutoka Rungwe, ambako desturi ni hiihii, Alinanuswe, ambaye tunamshukuru kwa kufika leo, akawaambia wenzake kwa sauti ya chini, "Jamani msicheke, yule ni mkwewe," na kijana mmoja wa Dar akauliza, "Sasa mkwe ndo anakimbiwa hivyo, kwani anadai?"

Marehemu hakuondoka, alipata benchi barazani chini ya dirisha, akakaa hapo na daftari lake, na kwa kuwa Dar ni joto na madirisha huwa wazi, akasikia somo. Jumanne iliyofuata akakaa palepale, na iliyofuata, na wale vijana wakaanza kuona jambo, kwamba mwalimu wao, ambaye wiki ya kwanza alisema kwa sauti ya chini, sasa anafundisha kwa sauti kubwa kama mhubiri wa mkutano wa hadhara, tena amesimama karibu na dirisha, tena kila jambo gumu analirudia mara ya pili akiwa ameelekea nje. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Marehemu kule nje hakutikisa kichwa wala hakujibu, aliandika tu, na mvua iliponyesha alifungua mwavuli, na mwalimu akaongeza sauti zaidi.

Wangeweza kuendelea hivyo mpaka mwisho, ila kulikuwa na kuita majina. Kila semina mwalimu huita majina ya wanafunzi, na Atuganile aliita yote, akingoja kidogo baada ya kila jina kwa ajili ya wanaochelewa kuitika, lakini akifika kwenye jina la Lwitiko Msongole mdomo ulikataa, akaliruka, na nafasi yake ikabaki tupu, na chuoni nafasi tupu ni utoro, na mtoro hafanyi mtihani. Atuganile alikuwa amekwisha kwenda kwa mkuu wa idara kueleza kwamba yumo mkwe wake darasani, ili kazi za mzee zisahihishwe na mwalimu mwingine, jambo hilo lilikubaliwa vizuri, lakini kuhudhuria hakuna wa kuhudhuria kwa niaba, na makundi mengine ya semina ama yalijaa ama yaligongana na vipindi vya Historia. Mwezi Januari likabandikwa tangazo la watoro, na jina la marehemu likawa la juu kabisa.

Alimpigia simu mama Ketrina, akamwambia anarudi nyumbani, kwa kuwa kusoma ni jambo zuri lakini hawezi kuvunja heshima ya nyumba ya mwanawe kwa ajili ya karatasi, na mama Ketrina, ambaye alikuwa amezoea duka lake limetulia, alimjibu, "Rudi, mume wangu mtoro, magunia yanakungoja," kisha akakata simu, akalia kidogo, akavaa kanga, akaenda kwa wifi yake Tumpale.

Dada Tumpale hakupiga simu. Alipanda treni.

Alifika Dar es Salaam bila kumwambia mtu, akaitisha kikao nyumbani kwa Jastin, Kimara, siku ya Jumapili tarehe 17 Januari 2021 baada ya ibada, na kikao chenyewe kilikaa hivi, marehemu nje ya nyumba kwenye kiti cha plastiki, ameelekea geti, Atuganile ndani nyuma ya pazia, na dada Tumpale kizingitini juu ya kigoda, mguu mmoja ndani na mmoja nje, Jastin akizunguka na chai, kwa huyu kwa mlango wa mbele, kwa yule kwa mlango wa jikoni.

Dada akaanza, "Atuganile mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, shangazi."

"Huyu mtu wa nje, kwa nini humwiti jina darasani?"

"Nitamwitaje, shangazi? Nikifika hapo ulimi unakuwa mzito."

"Na wewe, kwa nini huingii ndani?"

Marehemu akajibu akitazama geti, "Dada, niingieje? Chumba kimoja, mlango mmoja, na yeye yumo."

"Kwa hiyo mnaheshimiana."

"Sana," akasema marehemu, na nyuma ya pazia ikasikika sauti, "Sana, shangazi."

"Basi heshimianeni mpaka mmoja afukuzwe," akasema dada Tumpale, akanywa chai yake yote, akarudisha kikombe, wala hakuna aliyethubutu kucheka, kisha akanyoosha mkono akasema, "Lwitiko, lete hiyo kofia."

Marehemu aliishika kofia kwa mikono miwili, kama siku ile ya harusi, akasema, "Dada, ukwe hauvuliwi kama koti, mukwai."

"Koti la harusi ulilivua siku ulipofika Dar kwa sababu ya joto, ulimuuliza nani? Lete."

Akaivua, akampa. Dada Tumpale aliiweka kofia juu ya magoti yake, akasema maneno ambayo familia imeyatunza, kwamba yeye ndiye aliyemvalisha kofia hii mbele ya watu, na kwa kumvalisha alimfanya mkwe, basi anajua ukwe umekaa wapi, na kuanzia Jumanne marehemu akifika kwenye darasa lile ataivua kofia na kuitundika nje, mkwe atabaki nje pamoja na kofia yake, atakayeingia ndani ni mwanafunzi, na mwanafunzi hana mkamwana. Somo likiisha atatoka yeye kwanza, avae kofia yake, akohoe, aende zake, na mwalimu asitoke mpaka mkwe apite.

Pazia likatikisika, Atuganile akauliza, "Shangazi, na jina?"

"Jina lililoko chuoni ni la mwanafunzi. Huyu mwenye kofia utaendelea kumwita unavyomwita siku zote."

"Simwiti kabisa, shangazi."

"Basi hapohapo."

Ili neno hilo lishike, marehemu alitakiwa kumpa mkamwana wake kuku mbele ya mashahidi, dada alitaka jogoo wa kienyeji, lakini Jastin kwa haraka alileta kuku wa kisasa wa bandani, akawekwa chini akakaa palepale alipowekwa, na dada Tumpale akamtazama kwa huzuni akasema, "Huyu hata kusimama hawezi, ushahidi ataubebaje," ila kwa kuwa jua lilikuwa linazama alimpokea, wakaomba, wakampika. Baadhi ya wazee huku nyumbani waliposikia walinung'unika kwamba desturi imechezewa, lakini mchungaji alisema kwamba mahali ambapo watu wawili wanafikiri namna ya kutoaibishana hakuna kitu kilichochezewa, na wazee wakaliacha.

Jumanne tarehe 19 Januari 2021 marehemu aliitundika kofia kwenye ndoano ya dirisha, pale juu ya benchi lake, akaingia kichwa wazi, na vijana wakashangaa kuona ana upara. Akakaa mstari wa mbele, macho kwenye daftari. Mwalimu aliita majina, alipofika pale akanywa maji, akasema, "Lwitiko Jonasi Msongole," akangoja kama anavyongoja kwa wote, na marehemu, ambaye tangu Desemba alikuwa akisikia majina ya wenzake tu, alisimama wima ingawa chuoni hawasimami, akasema, "Nipo, mwalimu." Alinanuswe anasema darasa zima lilipiga makofi, na yule kijana wa Dar aliyeuliza habari ya deni alipiga kuliko wote.

Siku hiyohiyo mwalimu alimuuliza swali, marehemu akajibu kwa maelezo marefu, na mwalimu akamwambia mbele ya watu, "Umeeleza vizuri, lakini hilo silo swali nililouliza," na jioni marehemu alimpigia mama Ketrina kumsimulia kwa furaha jinsi alivyokosolewa. Semina alizokosa alizifidia kwa insha, akasahihishiwa na mwalimu mwingine, mtihani akaufanya, akapata C, na C hiyo aliitaja mara nyingi kuliko alama zake zote. Kwa muda wote wa somo lile kofia ilibaki kwenye ndoano ya dirisha kila Jumanne, na vijana waliokuwa wakipita, hata wasiomjua, walijifunza kuipisha kama wanavyompisha mtu.

Marehemu alihitimu mwezi Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka sitini, kwa daraja la pili la chini, na alipotokea amevaa joho na ile kofia bapa ya wahitimu, dada Tumpale alimzunguka, akaikagua, akamuuliza, "Hii ni ya mkwe au ya mwanafunzi?" Marehemu akasema ni ya mwanafunzi. "Basi mwiteni mwalimu wake," akasema dada, na ndiyo picha ile kubwa mliyoiona sebuleni, marehemu anatazama kulia, Atuganile anatazama chini, hawatazamani, wote wawili wanacheka.

Baada ya kurudi Tunduma marehemu hakurudi dukani, mama Ketrina alihakikisha hilo, alifungua darasa la Jumamosi katika ukumbi wa kanisa kwa watu wazima wanaojiandaa na mtihani uleule uliomshinda mara ya kwanza, akawafundisha wauza nguo, madereva na mama mmoja mchuuzi wa chumvi kutoka Ivuna, na baadhi yao wako chuoni leo, wengine wanangoja matokeo, na wale walioshindwa aliwaambia kwamba hata yeye alishindwa, wafungue vitabu siku ya tatu.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2025 marehemu alianza kuchoka na kupumua kwa shida, akatibiwa Vwawa, akabainika kuwa na tatizo la moyo, akapelekwa hospitali ya rufaa Mbeya mwezi Julai. Atuganile alikuja kutoka Dar, lakini mgonjwa akiwa kitandani na shuka ni mkwe kuliko wakati mwingine wowote, basi hakuingia wodini, alipata benchi nje chini ya dirisha, akakaa hapo kila siku, akamsomea Biblia na magazeti kwa sauti ileile ya Jumanne, mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakaanza kuomba arudie habari za mpira. Muuguzi mmoja alimwambia apunguze sauti, na mgonjwa akajibu kutoka ndani, "Mwache mukwai, mimi nakaa mbali na ubao." Hayo yalikuwa karibu ya mwisho tuliyomsikia akisema akicheka. Alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama Ketrina, na dada Tumpale anasema kwa uchungu kwamba hili ndilo jambo pekee ambalo Lwitiko amewahi kulifanya mapema.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada na wadogo zake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Vwawa na Mbeya kwa mikono yao na uvumilivu wao, mchungaji na kwaya, wafanyakazi wenzake wa reli, majirani ambao tangu Jumanne hawajaruhusu moto wetu uzimike, ndugu wa Nakonde kwa unga na kuni, na nyinyi wanafunzi wenzake, wa Mlimani na wa Jumamosi, ambao mmemfanya mzee wetu awe kijana kwa miaka yake mitano ya mwisho. Tunashindwa kumtaja kila mtu, Mungu amewaona.

Limebaki jambo moja, nalo dada Tumpale ameagiza lisomwe. Asubuhi ya leo, wakati wa familia kumuaga marehemu ndani ya nyumba, Atuganile alisimama uani kwa sababu mkamwana haingii mahali alipolala mkwe wake, akajifunika kanga, akawa analia pale chini ya dirisha. Dada Tumpale aliichukua kofia ya pama kutoka juu ya jeneza, akatoka nayo, akaitundika kwenye msumari nje ya mlango, akamwambia, "Ingia, mwanangu. Mkwe yuko nje." Atuganile aliingia, akasimama mbele ya mwanafunzi wake, akamtazama usoni, akasema kwa sauti ambayo tuliokuwa uani tuliisikia, "Lwitiko Jonasi Msongole." Akangoja kidogo, kama anavyongoja siku zote. Dada Tumpale akasema, "Mwandikie ruhusa, mwalimu. Ameitwa nyumbani."

Mungu aliyetupa Lwitiko ndiye aliyemtwaa, nasi tunamshukuru kwa yale ya katikati. Pumzika kwa amani, mwanafunzi wetu, kofia yako iko mlangoni, tutaipisha.